Baba wa Cinderella Yuko Wapi?

Siku niliyoingia darasani na kitabu cha nguruwe, watoto walicheka kabla sijakifungua. "Kitimoto!" alipaza sauti mmoja wa nyuma, na darasa zima la tatu, watoto 87 kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya nusu yao, likaangua kicheko. Binti mmoja wa mbele alijifunika macho kwa ncha ya mtandio wake. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Madam, mimi pia, aliniangalia kwa jicho la "si nilikwambia?"

Ni kweli alikuwa ameniambia. Shule ile iko upande wa Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, na watoto wengi wakitoka shuleni wanaelekea madrasa. "Hadithi zote hizi duniani," aliniuliza wiki moja kabla, "wewe umeona ya nguruwe tu?"

Kitabu chenyewe ni The True Story of the Three Little Pigs, kilichoandikwa na Jon Scieszka na kuchorwa na Lane Smith, kikachapishwa Marekani mwaka 1989. Hadithi ya zamani wengi tunaijua: nguruwe watatu, nyumba tatu, mbwa mwitu anayepuliza mpaka nyumba zinaanguka. Katika kitabu hiki anayesimulia ni mbwa mwitu mwenyewe, na anasema amesingiziwa. Alikuwa anampikia bibi yake keki ya siku ya kuzaliwa, sukari ikamwishia, akaenda kwa majirani kuomba kikombe kimoja. Bahati mbaya alikuwa na mafua. Alipiga chafya, nyumba ya nyasi ikaanguka, nguruwe akafa. Angefanyaje? Angeacha chakula kizuri kiharibike?

Nilipofika kwenye sukari, darasa lilitulia. "Ukitumwa kwa jirani kuomba sukari unabeba nini?" niliuliza. "Kikombeee!" Hapo nilijua wameshampokea yule mbwa mwitu kama mtu wa mtaani kwao. Nilipomaliza nikagawa ubao kwa mstari wa chaki: upande mmoja ANASEMA KWELI, upande wa pili ANADANGANYA. Mvulana mmoja, nitamwita Juma, alisimama bila kuitwa. "Anadanganya, Mwalimu. Mtu ukiwa na mafua chakula hakina ladha. Yeye mbona alikula wawili?"

Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu msimulizi asiyeaminika. Hakuna iliyonifafanulia jambo hilo vizuri kuliko Juma. Kisha yule binti wa mtandio akanyoosha kidole. "Hata kama anasema kweli, asingekula. Ni haramu." Safari hii hata Madam alicheka.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu. Tasnifu yangu inahusu vitabu vya picha vinavyosimulia upya hadithi za kale, na kazi vinayoweza kufanya katika darasa la shule ya msingi. Wazo lake ni rahisi. Mtoto anaijua hadithi tayari, kwa hiyo hapotezi nguvu kufuatilia nani kafanya nini. Nguvu yote inakwenda kwenye swali lingine: mbona hapa imebadilika? Nani kaibadilisha, na kwa faida ya nani? Mtoto anayeuliza hivyo ameacha kusoma ili amalize ukurasa.

Vitabu nilikuwa na viwili, vyote vya Kiingereza, nilivyovipata kwa wauza vitabu vya mitumba mjini. Niliandika maneno ya Kiswahili kwenye vipande vya karatasi nikavibandika juu ya maandishi ya asili. Lakini kitabu kimoja kwa watoto 87 ni kama dirisha moja la daladala kwa abiria wote, kwa hiyo nilikuza baadhi ya picha kwa kopi za A3 steshenari, nyeusi na nyeupe kwa sababu za rangi zilinishinda bei, nikawa napita nazo kati ya madawati.

Msimamizi wangu alipousoma mpango huu aliniuliza swali nililolitegemea: kwa nini hadithi za Wazungu, zetu zimekwisha? Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, watoto wa Mbagala hawakuwa wakisubiri mimi niwaletee Cinderella. Walikwisha kumwona kwenye kibanda umiza, katika filamu iliyoingizwa sauti ya Kiswahili, tena na vichekesho ambavyo mwenye filamu hajawahi kuviota. La pili, hadithi hazijawahi kukaa kwao. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Zanzibar, alichapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili. Imo ile ya Sultani Darai, ambamo maskini anayechakura jalalani anamnunua paa, na paa kwa ujanja wake anampatia bwana wake binti wa sultani. Ukiwa unamjua yule paka mwenye buti wa Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697, utaona ni hadithi za ukoo mmoja. Tofauti iko mwishoni. Paka wa Perrault anamaliza akiwa bwana mkubwa. Paa wa Zanzibar anaugua, bwana wake aliyetajirika anamdharau mpaka anakufa na kutupwa kisimani, na bwana huyo anakuja kuzinduka yuko jalalani kwake kama zamani. Pwani hadithi hiyo ilikuwa na neno lake kuhusu fadhila za punda.

Msimamizi aliridhika. Lakini nilikuwa na jibu la tatu, na hilo sikumwambia.

Nilizaliwa Muheza, Tanga. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Mwaka mmoja na nusu baadaye baba, ambaye alikuwa fundi wa magari, alioa tena. Niliambiwa nimwite mke wake mama mdogo. Sikumwita mama mdogo, wala jina lingine lolote. Nilijifunza kutunga sentensi zisizo na mtu ndani yake: Chumvi imeisha. Baba anaita. Kuna mgeni.

Nilikuwa darasa la tatu mwalimu wetu aliposimulia Cinderella. Hatukuwa na kitabu, kwa hiyo alichora ubaoni: msichana amelala karibu na jiko, amejaa majivu. Jioni nilirudi nyumbani nikamkuta mama mdogo amesimama mlangoni na ufagio. "Fagia uwanja kabla giza halijaingia," alisema. Kila msichana wa Muheza alikuwa anafagia uwanja jioni hiyo. Mimi peke yangu nilijua maana yake.

Haikupita wiki nikamwambia mwalimu kwamba nyumbani nanyimwa chakula na nalazwa jikoni kwenye majivu. Baba na mama mdogo waliitwa shuleni. Nikayarudia maneno yangu mbele yao, ofisini. Baba aliangalia sakafu. Mama mdogo akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Nitaangalia." Basi.

Wakati huo alikuwa anauza vitumbua asubuhi, barazani kwetu. Muheza habari haihitaji baiskeli. Nani atanunua chakula kwa mwanamke anayemnyima yatima chakula? Ndani ya mwezi mmoja kikaango kiliwekwa juu ya kabati na hakikuteremshwa tena. Nilisoma mpaka chuo kikuu kwa fedha za baba, na baba alipopunguza kazi kwa sababu ya mgongo, kwa fedha za yule mama aliyekwenda kuanza biashara nyingine upya, ya mchele, katika soko la mji mwingine ambako hakuna aliyemjua. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilidanganya. Yeye hakuwahi kuniuliza.

Miaka mingi baadaye, maktaba ya chuo, nikakutana na jambo lililonifanya niache kusoma kwa siku hiyo. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha hadithi zao mara ya kwanza mwaka 1812, yule mwanamke anayetaka Snow White auawe hakuwa mama wa kambo. Alikuwa mama mzazi. Katika toleo la 1819 mama mzazi akafa mwanzoni mwa hadithi na mahali pake akawekwa mama wa kambo. Hansel na Gretel, wale watoto waliotelekezwa msituni kwa sababu ya njaa, nao walipelekwa huko na wazazi wao wa damu, mpaka mama yao alipogeuzwa wa kambo katika toleo la 1840. Maelezo ya wengi ni kwamba wahariri hawakutaka sura ya mama ichafuke mbele ya watoto. Cinderella yeye alikuwa na mama wa kambo tangu kwa Perrault. Lakini hawa wawili wengine, mama wa kambo alipachikwa kwa kalamu. Uovu ulihitaji mtu wa kuubeba, akatafutwa ambaye hakuna atakayemtetea.

Mwezi huohuo nikabadilisha mada ya tasnifu.

Somo la pili lilikuwa Mufaro's Beautiful Daughters cha John Steptoe, Mmarekani mweusi aliyekitoa mwaka 1987. Mara nyingi hadithi hiyo huitwa Cinderella wa Afrika. Mabinti wawili, Manyara mwenye gubu na Nyasha mwenye huruma, wanakwenda kwa mfalme, na picha zake zimepata sura kutokana na magofu ya Zimbabwe Kuu. "Mwalimu, Manyara ni mkoa!" walinikatisha mara tatu. Nikakubali kwamba ni mkoa, na ni ziwa, na katika kitabu hiki ni mtu. Tulipomaliza Juma akasema anataka Manyara naye asimulie, kama mbwa mwitu alivyosimulia. Walikuwa wameukamata mchezo. Nikaona wako tayari kwa somo la tatu, lile nililokuwa nalingojea.

Kitabu nilichokitaka kwa somo hilo sikukipata, kwa hiyo nilikitengeneza. Kurasa 12 za manila, michoro ya rafiki yangu anayesoma sanaa, maneno yangu. Jina lake Mama wa Kambo Anasema. Ndani yake mama wa kambo wa Cinderella anaingia katika nyumba ambamo kila sufuria ni ya marehemu. Anamwomba binti afagie kama anavyowaomba mabinti zake. Binti hamwiti kwa jina lolote. Binti anawaambia majirani kwamba analazwa kwenye majivu. Unaona nilikuwa nafanya nini. Mimi sikuona.

Niliwasomea. Ilikuwa siku nzuri, walikuwa wasikivu, na nilipogawa ubao kwa chaki mikono mingi ilikuwa upande wa ANASEMA KWELI. Nilifurahi kuliko mtafiti anavyoruhusiwa kufurahi. Kisha nikawapa kazi: mwandikie barua mama wa kambo wa Cinderella.

Jioni, katika daladala, nilikuwa napitia madaftari. "Pole mama." "Usilie mama, Cinderella atakuzoea." "Mama nunua mashine ya kufulia." Halafu daftari la msichana nitakayemwita Zuhura, mdogo kwa umbo, asiyesema sana, anayekaa dawati la tatu upande wa dirisha. Alikuwa ameandika hivi:

Mama unasema uongo. Cinderella jana hakula. Na juzi hakula. Kitabu cha zamani ndio cha kweli.

Natamani niandike kwamba nilielewa papo hapo. Nilichowaza kwanza kilikuwa hiki: anadanganya. Nani angejua zaidi yangu? Nilikuwa na umri uleule, darasa lilelile, hadithi ileile, na nilidanganya mpaka nikamfilisi mtu. Nikajiambia mtoto kaichukua filamu kaiweka kwenye daftari. Nikapiga tiki ya wino mwekundu chini ya sentensi zake na kuandika "Vizuri". Tiki hiyo bado naiona.

Lakini kesho yake saa ya mapumziko nilijikuta namtazama. Shuleni pale uji ulitolewa kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelipa mchango. Wengine walinunua mihogo ya kukaanga getini, au kashata, au ubuyu. Zuhura hakwenda kwenye uji wala getini. Alikaa darasani akisubiri ndoo irudi jikoni, kisha akajitolea kusaidia kuiosha. Nilimwona akipitisha kidole pembeni mwa ndoo, taratibu, kama mtu anayehakikisha imetakata.

Usiku ule nilimpigia simu mama mdogo. Siku hizi tunaongea karibu kila wiki, bei ya mchele, mgongo wa baba, nitaolewa lini. Nilimweleza habari za Zuhura. Nikamwambia siwezi kumwamini mtoto yule, na nikamwambia sababu. Miaka 18 nilikuwa nimeibeba sababu hiyo, nikaitoa kwa sentensi mbili, nikanyamaza.

"Lakini nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unadanganya. Ulisema unalala kwenye majivu. Mwanangu, sisi tulikuwa tunapikia jiko la mchina, mafuta ya taa. Majivu yatoke wapi?"

Nilicheka huku nalia, na yeye akacheka, kisha nikamuuliza kwa nini basi hakujitetea mbele ya mwalimu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Ningesema nini? Mtoto aliyefiwa na mama yake akisema ana njaa, unaanza kumuuliza njaa ya nini? Na huyo wako usimuulize. Mpe uji kwanza."

Asubuhi nilimpelekea Madam daftari. Alisoma, akalifunga, akasema, "Hii umeiwekea tiki?" Hakuongeza neno. Siku hiyohiyo jina la Zuhura liliingia kwenye orodha ya uji bila mchango, na Ijumaa tukaenda kwao, Madam, mjumbe wa shina na mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mama wa kambo wa filamu. Tulimkuta msichana. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu au minne, mtoto mgongoni, mwingine anatambaa, anauza barafu za ukwaju kwa friji ya jirani. Baba wa Zuhura alikuwa amekwenda machimboni Geita miezi mitano iliyopita. Mwezi wa kwanza alituma fedha. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Madam alimuuliza bila kuzunguka. Naye akajibu bila kuzunguka. "Ndiyo, kuna siku hali. Unga ukiwa kikombe kimoja nawapa hawa wadogo kwanza. Mimi pia sili. Lakini hawa nawapa kwanza, kwa sababu hawa ni wangu." Alilisema hilo la mwisho akiangalia chini, kama baba alivyoangalia sakafu ya ofisi ile ya Muheza.

Nilirudi nyumbani na vitabu viwili kichwani, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Kile cha zamani, kwamba kuna mtoto anayenyimwa kwa sababu si wa tumbo la anayepakua. Na kile changu, kwamba anayepakua naye ni mtu, ameachiwa nyumba isiyo yake. Kosa langu halikuwa kusimulia upya. Kosa lilikuwa kuleta kitabu kipya ili kifute cha zamani, kwa sababu mimi nilikuwa nahitaji kifutwe. Zuhura alikuwa na hadithi moja tu duniani inayosema yanayomtokea, na mimi mwalimu nikaja na manila kumwambia kwamba hata hiyo ni uzushi.

Jumatatu nikaingia na vyote viwili. Upande mmoja wa ubao nikabandika picha za Cinderella ya zamani nilizozichora mwenyewe, upande wa pili kurasa za manila. Sikuchora mstari wa kweli na uongo. Niliuliza tu: nani yuko hapa ambaye hayuko kule? Nani hayuko popote?

Walihangaika kidogo. Panya. Kuku. Polisi. Kisha Juma, kama kawaida yake bila kuitwa: "Mwalimu, baba wa Cinderella yuko wapi?"

"Alikufa," wakajibu wenzake. Ndiyo, katika filamu ya Disney ya mwaka 1950, ambayo ndiyo wengi wao waliiona, baba anakufa mapema. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimerudi kwenye maandishi ya zamani kutafuta jambo jingine nikamkuta. Kwa Perrault yupo hai, ila katawaliwa na mke wake. Kwa Grimm yupo hai mpaka mwisho. Mwana wa mfalme anapokuja na kiatu na kuuliza kama nyumba hii haina binti mwingine, ni baba mwenyewe anayejibu kwamba hapana, kuna huyu wa jikoni tu, dhaifu, aliyeachwa na marehemu mke wangu. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo kabla, zaidi ya mara moja, kwa ajili ya tasnifu. Nilikuwa nimepita.

"Hakufa," nikawaambia. "Kwenye kitabu cha zamani yupo. Yupo humohumo ndani ya nyumba."

Sijawahi kusikia darasa likipiga kelele namna ile. Yupo? Anafanya nini? Anaona? Anakula wapi? Madam alitoka darasa la jirani kuja kuangalia kuna nini. Nikawagawia manila iliyobaki, karatasi moja kwa dawati moja, wachore baba yuko wapi.

Alikuwa mahali pengi. Amelala. Anaangalia mpira. Yuko kwa mke mwingine. Anamwogopa mama. Ana pikipiki imeharibika Chalinze. Dawati la Zuhura walikuwa watano, na wenzake walimwachia yeye penseli. Alichora mwanamke mwenye mtoto mgongoni ameshika simu sikioni. Pembeni yake amesimama Cinderella, naye ametega sikio kwenye simu hiyohiyo, upande wa pili. Baba hakuwepo kwenye picha. Juu yake mstari mmoja: Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu safari yetu ya Ijumaa. Hakuna mtoto mwingine aliyejua. Waliijua tu sauti ile, kila mmoja wao, na tulipokusanya kurasa kuwa kitabu na kukisoma, wakifika kwenye ukurasa huo walikuwa wanaitamka wote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba ya yule dada wa mtandao, wakicheka mpaka wanagonga madawati. Mara ya kwanza nilimtazama Zuhura kwa hofu. Alikuwa anacheka pia. Mara ya pili alikuwa ndiye anayewaongoza.

Siwezi kuandika kwamba mambo yalikwisha vizuri, kwa sababu bado hayajaisha. Baba hajapatikana. Mjumbe alimpata shangazi wa Zuhura, Kigamboni, anayeleta unga kila anapoweza. Afisa ustawi wa jamii amefika mara moja. Mama yule wa barafu, Madam ananiambia, siku hizi anakuja kwenye mikutano ya wazazi na kukaa karibu na mlango. Kwenye tasnifu nimeifuta sura nzima niliyokuwa nimeshaiandika, ile iliyosema kwamba hadithi iliyosimuliwa upya humsaidia mtoto kuacha dhana potofu. Nimeandika nyingine, fupi zaidi. Inasema vitabu viwili viwekwe mezani kwa pamoja, cha zamani na kipya, na mwalimu asiwe na haraka ya kuamua kipi kishinde. Katikati ya viwili hivyo mtoto huwa anaona mtu ambaye waandishi wote wawili walimruka.

Mama mdogo nilimsomea sura hiyo kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wanalipa kwa kuandika hivyo.

Vitabu viliachwa darasani, vimefungwa kwa uzi na kuning'inizwa kwenye msumari karibu na dirisha. Wiki iliyopita Madam alinitumia ujumbe. Vile viwili bado vizima. Kile cha simu kimechanika jalada na kurasa mbili zimetoka, nikija nilete gundi.